Alama ya Kumi na Tisa

Nimezaliwa, nimekulia na, Mungu akipenda, nitazeekea katika nyumba ileile ya mama yangu, hatua chache kutoka ukuta wa uwanja wa mpira. Watu wa mtaa husema mimi sina miguu, nina mizizi. Kazi yangu ni ya cherehani, cherehani iko barazani, na baraza ina kivuli. Sasa niondoke niende wapi? Dada yangu anayeishi Matombo akitaka nimtembelee hunitumia ujumbe wiki mbili kabla, ili nianze kulizoea wazo hilo.

Timu yetu ilipopanda daraja, mtaa mzima ulicheza njiani. Mimi nilicheza barazani. Hatukujua kwamba timu ikipanda, jukwaa nalo linataka kupanda, na jukwaa haliwezi kupanda bila kukanyaga mahali. Baada ya miezi michache likabandikwa tangazo ofisi ya mtaa: uwanja unapanuliwa upande wa mlimani, na nyumba zilizo kati ya ukuta na njia ya miguu zitaondolewa. Nyumba yetu iko ng'ambo ya njia. Nililisoma tangazo mara tatu nikiitafuta ile njia, na nilipoiona nikafurahi, kisha nikaona haya, kisha nikafurahi tena kidogo.

Mwisho wa ile safu ya nyumba, pale mtaro wa maji ya mlimani unapopinda, ilisimama nyumba ya mzee mmoja Mnyamwezi. Alikuja Morogoro kijana, akafanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na nyumba hiyo aliijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma, chumba kimoja kila alipopata likizo. Mkewe alifia humo. Watoto wake walizaliwa humo wakatawanyika. Mlango wake ulitazamana na baraza yangu, hivyo kwa miaka ishirini tumekuwa tukianza siku kwa kutukanana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umelala salama, au umelala tu?"

Mnyamwezi na Mluguru ni watani, hilo sikulianzisha mimi. Limeanza enzi za misafara ya miguu, wakati babu zake walipopita hapa na mizigo kichwani na babu zangu wakawacheka. Sheria zake ni chache na kila mtu anazijua. Mtani haombi radhi. Mtani hakasiriki. Na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya upuuzi: kuvaa nguo za marehemu, kuigiza kikohozi chake, kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Mwenzako akilia, wewe kazi yako ni kumfanya acheke huku analia.

Siku wapimaji walipokuja, tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka chini kuliko kawaida, umelala juu ya migomba ya mtaroni, na sauti zao zilitoka ndani yake bila watu: "Hapa. Vuta kamba. Na hapa." Baadaye wakaonekana miguu kwanza, halafu viatu vikapata wenyewe. Walikuwa na chaki nyekundu. Kila nyumba waliyoipitia waliiachia alama ya X ukutani. Mmoja wao alitueleza kwa upole kwamba kesho yake watakuja wapaka rangi, wafuate chaki, na kila X ipate namba yake.

Mimi alama hizo nazifahamu. Mwalimu wangu wa hisabati kidato cha tatu alinichorea nyingi, nyekundu vilevile, na hakuna hata moja iliyobomoa nyumba.

Walichora kumi na nane. Walipofika kwa mzee walisimama, wakautazama mtaro, wakaitazama karatasi yao, wakageuka. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mtaro, nje ya mstari. Hapo ndipo mzee alipoharibika. Alitoa kiti chake, akakaa katikati ya njia kama mfalme, akanywa chai vikombe vitatu huku majirani zake wanatazama kuta zao.

"Mluguru, umeona? Hata chaki inamjua Mnyamwezi."

"Wamekuhurumia, mzee. Wameona nyumba yenyewe itaanguka bila katapila."

"Mimi hapa nahama mara moja tu. Na siku hiyo nitakuwa nimebebwa, na wewe utakuwa hapo unalilia pilau."

"Siku hiyo nitaingia kaburini mwako kabla yako. Hawakushushi mpaka wanipe mbuzi."

"Ingia tu. Halafu wafukie."

Alicheka mwenyewe mpaka akapaliwa. Kwa yule mama wa nyumba ya tatu, ambaye alikuwa amekaa kizingitini na mikono mapajani, kicheko kile kilikuwa kikali mno. Niliona. Nikasema moyoni, huyu mzee leo anahitaji kushushwa kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi.

Alasiri mzee alikwenda msikitini. Mimi nilivuka njia. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari, ilibidi nivae viatu. Mfukoni nilikuwa na chaki yangu ya kukatia nguo, nyekundu, ile ninayotumia kwenye vitambaa vya kaki. Nilikwenda kwenye ukuta wa ubavuni, ulioelekea uwanjani, nikachora X. Niliichora vizuri. Fundi hachori ovyo: mistari ikakatana katikati sawasawa, kama mishono inavyokutana kwapani mwa shati. Nilirudi nyuma kidogo niitazame kazi yangu, na nikahisi kitu ambacho sikukipenda. Ile safu nzima ya nyumba ilikuwa kimya, kimya cha watu walioacha kuzungumza kwa sababu wewe umeingia. Hakukuwa na mtu njiani. Hata kuku walikuwa wamesimama. Nikavuka kurudi kwangu upesi, nikakaa kwenye cherehani, nikasubiri mzee arudi aone, atukane, tucheke, yaishe.

Mzee alirudi, akaingia kwa mlango wa mbele. Ukuta wa ubavuni hakuupitia. Manyunyu yakaanza, naye akafunga mlango. Mimi nikasema, si chaki tu? Mvua itaifuta.

Asubuhi nilikuwa natia vifungo kwenye sare za shule niliposikia sauti ng'ambo, ya mtu anayehesabu bila haraka.

"Kumi na saba." Kimya kidogo. "Kumi na nane." Kimya kirefu zaidi, hatua zikavuka mtaro. "Na kumi na tisa."

Nilitoka mbio na sindano mdomoni. Walikuwa wawili, na kopo, na brashi, si wale wa jana. X yangu ilikuwa imeshapakwa. Rangi ilikuwa bado inatiririka kutoka kwenye ncha za chini, na kando yake 19, mpya, inang'aa kama kitu kilichochunwa.

"Ngoja, kaka! Hiyo ni yangu!"

"Nyumba ni yako?"

"Nyumba si yangu. Alama."

Alinitazama kama anayepima homa kwa macho. "Alama zote ni za serikali, kaka. Na anayefuta anashitakiwa. Tafadhali toa hiyo sindano mdomoni, utaimeza."

Mzee alitoka na kikoi chake, mswaki mkononi. Alizunguka ubavuni, akasimama mbele ya ukuta wake. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba wale wapaka rangi walimaliza kufunga kopo lao wakaondoka. Nikasubiri anitazame. Hakunitazama.

"Walinisahau," alisema. "Wamenikumbuka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulikuwa wazi, sindano nilishaitoa, kila kitu kilikuwa tayari. Sikusema. Nilirudi nikatia vifungo, na jioni nikagundua nimevitia vyote upande wa kike.

Kesho yake nilikwenda mjini. Nasisitiza hilo kwa sababu mtaani kuna watu mpaka leo hawaamini. Nilipanda ngazi za ofisi moja, nikakaa kwenye benchi, nikaitwa kwa karani mmoja mwanamke mwenye miwani, nikamweleza kila kitu tangu chaki mpaka brashi. Alinisikiliza vizuri. Alipofika mwisho, yaani nilipofika mwisho, aliuliza:

"Mwenye nyumba kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na wewe?"

"Mluguru."

Alivua miwani akafuta macho. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili. "Njoo usikie! Hawa wamefika mpaka ofisini! Mluguru amekuja kusema yeye ndiye aliyemwekea Mnyamwezi X!" Mwenzake akaja, akacheka akishika mlango. "Na mimi Mzigua," akasema, "mwambie huyo mtani wako na mimi nakuja kumwekea nyingine mlangoni."

Nilisema dada, nasema kweli. Alisema najua, kaka yangu, hata mimi nilipofiwa na baba watani walikataa katakata kwamba baba amekufa, waliapa kabisa. Orodha ina nyumba kumi na tisa, akasema, na ukutani kuna kumi na tisa. Orodha imetoka wapi? Imetoka ukutani. Kwa hiyo zinakubaliana. Kama una la ziada, kuna mkutano wa mtaa, likaseme huko.

Siku za kusubiri mkutano zilikuwa na kitu ndani yake. Uwanja ulikuwa umefungwa kwa ajili ya ujenzi, milango imetiwa mnyororo, timu inachezea mkoa mwingine. Mimi mpira sijawahi kuutazama kwa macho. Maisha yangu yote nimeusikia kwa mabati. Goli la timu yetu huanza juu ya paa: mabati yanatetemeka kidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka, halafu ndipo sauti inafika. Jumamosi moja, jua bado kali, saa kumi hivi, nilikuwa nakata suruali. Mabati yakatetemeka. Nikanyanyua mkasi. Nikasubiri sauti. Haikuja. Mabati yakaendelea, taratibu, kama kundi kubwa la watu limesimama kwa pamoja na limebana pumzi.

Nikatazama ng'ambo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameinua kichwa.

"Umesikia?" akauliza.

"Hakuna mechi leo, mzee."

"Najua hakuna. Nimekuuliza kama umesikia."

Nikarudia kukata suruali. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini kumaliza mazungumzo bila tusi, na hilo lilinitisha kuliko mabati.

Mkutano ulifanyika chini ya mabanda ya shule ya msingi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, afisa kutoka mjini alikuwepo, watu wa nyumba kumi na nane walikuwepo na mzee wa kumi na tisa mstari wa mbele. Afisa alisoma. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama wa nyumba ya tatu aliuliza kuhusu choo chake kipya. Mwingine aliuliza kuhusu mnazi. Kisha mimi nikasimama.

"Nyumba namba kumi na tisa haimo," nilisema. "Wapimaji waliiacha. Ile X nilichora mimi, kwa chaki yangu, kwa utani. Wapaka rangi wakaifuata. Naomba nyumba ya mzee itolewe kwenye orodha."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Mtani wake huyo!" na mabanda yakalipuka. Walicheka wale waliokuwa na X kwao. Walicheka kama watu ambao hawajacheka mwezi mzima, na ni kweli walikuwa hawajacheka. Mama wa nyumba ya tatu alijifunika khanga usoni, mabega yanaruka. Mwenyekiti alimnong'oneza afisa, nadhani alikuwa anamweleza kabila gani na kabila gani, na afisa, mtu wa mbali kidogo na mambo yetu, akatabasamu kama mgeni aliyepewa kiti kizuri.

"Nasema kweli!" nilipiga kelele. "Wallahi nasema kweli!"

Hiyo ndiyo iliyoniangusha. Mtani akiapa, watu hucheka mara mbili.

Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mzee. Alijipiga mapaja, akasimama akawageukia watu. "Mnamwona? Ameona serikali itapewa sifa ya kunihamisha, akaona wivu! Anataka aandikwe yeye!" Wakacheka tena. Afisa akaandika kitu, akafunga faili. Nilikuwa nimesema ukweli mbele ya mashahidi mia, na ukweli ulikuwa umepokelewa vizuri sana, kama ngoma.

Tulirudi pamoja, mzee na mimi, kwa njia ya mtaroni. Tulipofika pale maji yanapopinda akapunguza mwendo.

"Ile chaki," alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

Alitembea hatua kadhaa. Milima ilikuwa imefunikwa nusu, ile nusu ya juu haikuwepo kabisa, kama mtu ameifuta.

"Nilijua mle ndani," alisema. "Ulipoapa nilijua. Wewe huwa huapi, wewe huwa unabisha."

"Basi kwa nini hukusema? Ungesema wewe wangekuamini!"

"Ningesema nini? Kwamba mtani wangu ameniudhi? Mbele ya watu? Baba yangu angetoka alikozikwa anitemee mate." Akasimama. "Na zaidi ya hapo wangekufunga. Unaweza wewe kukaa jela? Kwanza kule ni nje ya mtaa."

"Mzee, naomba..."

"Nyamaza." Alisema haraka, mkono juu. "Usiniombe radhi. Nisikilize vizuri, mtumwa wangu. Ukiniomba radhi, utani umekwisha. Na utani ukishakwisha inanibidi nikukasirikie, na ukiniangalia umri huu, hasira hiyo nitaibeba na nini? Acha kama ilivyo. Umenifanyia utani. Ni mkubwa kidogo. Basi."

Akaingia kwake. Nilibaki njiani na lile ombi mdomoni, na niseme wazi, bado ninalo.

Watu walihama kidogo kidogo. Kila nyumba ilipobaki tupu mwenyewe alichukua milango na madirisha, mabati pia, na kilichobaki kilikuwa kuta zenye matundu na X moja kila ukuta. Mimi niliyekaa barazani siku nzima nilijikuta natazamwa na nyumba zisizo na macho. Sauti nazo ziliharibika. Zamani nikikohoa, kikohozi kilimezwa na mtaa. Sasa kilikwenda ng'ambo, kikaingia nyumba ya kwanza, kikatokea ya tano, kikanirudia kikiwa cha mtu mzima zaidi. Siku moja nilimsikia mama wa nyumba ya tatu akimwita mwanawe kula, saa sita mchana, wazi kabisa, jina kwa jina. Alikuwa ameshahamia Kihonda wiki mbili nyuma. Nikajisemea ni redio ya mtu. Sikwenda kuangalia. Watu husema mimi mvivu. Mara nyingine uvivu ni akili.

Mzee hakung'oa kitu. Binti yake aliyeolewa Turiani alikuja mara mbili kumchukua. Mara ya kwanza mzee alisema ana homa. Mara ya pili alisema homa imepona na hivyo hana sababu ya kusafiri.

Katapila lilianzia mwanzo wa safu. Siku ya tatu, asubuhi, lilifika kwake. Binti alikuwa amekuja na gari dogo. Kitanda, sanduku na picha ya marehemu mama yake vilikuwa tayari vimepakiwa. Majirani wa zamani walikuja kushuhudia, wamesimama upande wangu wa njia kama watu wa msibani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mzee alikuwa katikati, amevaa kanzu. Mimi nilisimama pembeni, nimeshikilia nguzo ya baraza.

Opereta aliwasha mashine. Mzee akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Wewe!" aliita. "Nyumba imekufa, na mtani wake umesimama tu kama mwenye njaa? Fanya kazi yako!"

Watu wakanigeukia. Hapo sikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu pa kukimbilia pangu pote ni pale pale. Nikavuka. Nikaiga mwendo wake, ule wa kuvuta mguu wa kulia. Nikakohoa kikohozi chake, nikatukana wajukuu, nikakagua ukuta kwa ncha ya mswaki ambao sikuwa nao. Walianza kucheka. "Huyo huyo! Ndiye kabisa!" Kisha nikafika mlangoni, nikalala kizingitini, chali, kichwa ndani na miguu nje.

"Haipiti!" nikapiga kelele. "Maiti haipiti mpaka nilipwe!"

Opereta akazima mashine. Nadhani alikuwa mtu wa huku, alijua. Watu walicheka, wakapiga makofi. Nililala. Sementi ilikuwa baridi, na paa juu yangu lilikuwa bado na mabati yake. Nikawa nasubiri kicheko kiishe ili niinuke, ndivyo inavyofanyika. Kicheko kikaisha. Sikuinuka.

Sijui niseme vipi bila kuonekana nimechanganyikiwa. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Mashine ilikuwa imezimwa, nilisikia ndege mtaroni. Lakini chini ya kisogo changu sementi ilikuwa inatetemeka taratibu, kwa mapigo, kama miguu mingi sana inayokanyaga ngazi kwa pamoja, inapanda, inapanda, inatafuta mahali pa kukaa. Hawakuwa watu waliokuwepo. Walikuwa wanaokuja. Nilijua wanakuja kukaa hapo hapo, juu ya kitanda cha mzee, juu ya mahali mkewe alipofia, na kwamba watafurahi, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayekuwa na kosa. Kosa lilikuwa limelala kizingitini, limevaa fulana.

"Inuka sasa," mtu alisema.

"Jamani, inatosha."

Nikasikia mguu unaovutwa. Mzee alinisimamia kichwani. Kutoka chini uso wake ulikuwa umegeuzwa, kidevu juu, na sikuweza kuusoma.

"Unataka nini?" aliuliza. Ndilo swali la desturi.

Nilitaka kusema nataka nyumba. "Sijui, mzee," nilisema.

Alifikiri. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mmoja wa kuku wake, jike moja jeusi lililokuwa bado halijapakiwa, akaniwekea kifuani. Kuku akanitazama kwa jicho moja.

"Nimekulipa," alisema mzee. "Mbele ya watu. Haya, acha maiti ipite."

Mtani akilipwa huinuka. Nikainuka. Mashine ikawashwa, na ukuta wa ubavuni ndio ulioanguka kwanza, wote kwa mara moja, bila vumbi jingi, kama mtu aliyechoka kusimama. Mzee alitazama mpaka bati la mwisho. Alipopanda gari alinipa mkono, akanitukania ukoo mzima wa mama yangu mpaka Matombo, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nimekumbatia kuku, watu wananicheka.

Sasa jukwaa limekwisha. Ni refu, na tangu saa tisa alasiri linanifunika mimi, baraza na cherehani; nashonea kwenye kivuli ambacho sikukiomba. Kuku mweusi kila jioni alikuwa anavuka njia kwenda kulala palipokuwa na banda lake. Ukuta ulipojengwa akawa analala ameuegemea, kifua kimegusa zege, mpaka nilipoanza kumfungia ndani.

Mzee hunipigia simu kutoka Turiani, kila Ijumaa baada ya swala. Ananitukana vizuri, anauliza kama nimeoa, anasema huko hata miwa inafanya kazi kuliko mimi. Hajawahi kulitaja lile jambo. Ila siku hizi, tangu mvua zianze, kuna kitu kimeingia. Anaweza kuwa katikati ya kicheko, halafu sauti inashuka na kuwa ya mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili.

"Mtani. Hilo wingu la mlimani unaliona?"

"Naliona, mzee."

"Nimeacha dirisha la chumbani wazi. Hebu nifungie."

Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Nikasikiliza pumzi yake ili nijue kama ananichezea au amesahau, na kama amesahau, amesahau kiasi gani. Binti yake nikimuuliza husema baba mzima kabisa, jana tu amemtania imamu. Kwa hiyo sijui. Na sheria hairuhusu kuuliza.

Ijumaa iliyopita aliniambia tena. Matone yalikuwa tayari yanapiga mabati, na ng'ambo zege lilikuwa linabadilika rangi kutoka juu kwenda chini.

"Umefunga?" aliuliza.

"Nafunga sasa hivi, mzee," nilisema, nikavaa viatu.